Boti Isife Kiu

Trekta iliikokota boti ya Mzee Zephaniah kutoka Sio Port hadi Adungosi mchana kweupe, na kila ilipopita watu waliacha shughuli zao wakaikodolea macho. Barabara ya Malaba imezoea kubeba kila kitu, mafuta ya Kampala, saruji, magari mabovu yaliyofunikwa turubai, lakini boti ya tanga juu ya trela ni jambo jingine. Pale Busia mjini askari wa barabarani walimsimamisha dereva, wakaizunguka boti, wakakosa kosa la kuandika, wakamwachilia. Kizito alikuwa amesimama nyuma ya trekta ameshika kamba ambayo haikuhitaji mtu wa kuishika. Alitaka tu wanaomfahamu wamwone.

Usimcheke. Mtu aliyefukuzwa kwao Rukala na maji, akalala juu ya tuta la mto Nzoia chini ya hema la msaada pamoja na mke na watoto wawili, kisha akapata ploti ya mzee huyo ya kulinda pale Adungosi na nyumba ya mabati ya kukaa ndani ya ploti hiyo, ana haki ya kushika kamba. Nyumba haikuwa yake, ploti haikuwa yake, na boti ndiyo kabisa. Lakini watoto walikuwa wameacha kuulizana watahamia wapi tena, na Naliaka mkewe alikuwa amepanda sukuma wiki kando ya ukuta. Watu hawapandi sukuma mahali wasipotarajia kukaa.

Kila Desemba boti hiyo ilitolewa ziwani ikaletwa Adungosi, ikae chini ya turubai mpaka mvua kubwa zipite. Zamani ililazwa palepale Sio Port, lakini ziwa lilipanda likameza ule uwanja, na kilichobaki ufukweni hugawanywa na wezi. Miaka yote Mzee Zephaniah alisimamia kazi mwenyewe. Aliwahi kufanya kazi kwenye meli kubwa hadi akastaafu, na boti hii ndiyo anasa pekee aliyojipa. Yeye alishughulika ndani, kwa sababu ndani ni pembamba na hakupenda msongamano. Kizito alikuwa mtu wa nje, wa kusugua magugu na kamasi ya ziwa. Akisugua hivyo, alikuwa akimwona mzee akiingiza mpira wa maji ndani, na kusikia maji yakimiminika kwa muda mrefu.

Mwaka huu mzee alikuwa amelazwa Nairobi kwa ajili ya moyo. Alimpigia Kizito simu, sauti imepwaya, akamwambia tayari ameiona kazi hiyo mara nyingi, afanye vile yeye hufanya. Kizito alijibu ndio mzee, ondoa shaka. Angeweza kuuliza neno moja au mawili. Lakini unamuulizaje mgonjwa kazi ambayo umejisifu kwa mkeo kwamba unaijua?

Na kweli alifanya kazi. Alishusha tanga, akalifua, akalianika juu ya michongoma hadi Waiteso wa jirani wakauliza kuna harusi ya nani. Alilaza mlingoti, akakunja kamba zote, akatoa magodoro na betri akaviweka chumbani mwao, watoto wakalala wamebanana pembeni. Aliosha kila sahani ya kikapu cha vyombo cha mzee. Ilipobaki hatua ya mwisho, alimwita Naliaka.

Kwao Rukala boti ikipandishwa nchi kavu haiachwi hivihivi. Mbao zikikauka hujikunja, pamba iliyoshindiliwa kati yake huanguka, na siku ya kurudi majini boti hunywa maji kwa kila ufa. Kwa hiyo tundu la chini huzibwa, boti ikatiwa maji mpaka sakafu ifunikwe, yakipungua yakaongezwa. Mtungi wa kwanza humiminwa na mama wa nyumba yenye boti. Mvuvi anayeacha boti yake ife kiu husemwa kuliko anayepiga mkewe.

"Sasa mama mwenye boti hayuko," Naliaka alisema. Mke wa mzee alikuwa marehemu.

"Wewe ndiye uko kwa hii boma. Mimina."

Naliaka aligonga ubavu wa boti kwa vidole. Alikuwa mwanamke wa kugonga vitu kabla ya kuvinunua. "Baba Quinton, hii ni mbao kweli? Mbona inalia kama beseni?"

Kizito alimpandisha ngazi akamwonyesha. Sakafu ya mbao, kabati za mbao, vidato vya mbao vilivyopakwa vanishi hadi ukajiona uso. Juu ni rangi tu, alimwambia, rangi ya bei. Kisha akamshusha akamwonyesha nyufa nyembamba kama unywele zilizoanza kujichora ubavuni upande wa jua. Kiu hiyo imeanza. Naliaka ni mtu wa milimani, ziwa alilikuta kwa mume. Alibeba mtungi, akamimina.

Jirani yao Ongodia alileta mitungi mingine kwa baiskeli kutoka kwenye pampu, akaenda na kurudi hadi miguu ikamlegea. Aliuliza kama wanafuga samaki, watu wakacheka, Kizito naye akacheka. Maji yalifunika sakafu, yakaishika kiunoni ile injini ndogo ya dizeli iliyolala chini ya vidato. Hapo Kizito alisita kidogo. Lakini injini ya boti itaogopaje maji?

*

Januari jua lilichoma mpaka lami ikanata kwenye kandambili. Siku moja Emmaculate, bintiye mzee, alipiga simu kutoka Nairobi. Alikuwa mtu mwenye heshima, hakuwa anaanza na shida kabla ya kuulizia watoto. Safari hii aliulizia watoto kwa haraka.

"Baba Quinton, daddy lazima afanyiwe operation. Tumeamua kuuza boti. Kuna mtu wa Kisumu anaitaka, ataleta watalii. Ikiuzika vizuri, ploti hatutaigusa, na nyinyi mtabaki hapo tu. Isipouzika, sina namna, ploti itaenda. Umenielewa?"

Alikuwa amemwelewa vizuri sana. Alimweleza Naliaka palepale jikoni, na wote wawili wakatoka nje wakaitazama boti imesimama juu ya trela na turubai lake, nyeupe, kubwa kuliko nyumba yao. Haikuwa tena mali ya mzee. Ndiyo iliyokuwa imeshikilia paa lao.

Tangu siku hiyo Kizito aliitunza kupita kiasi. Maji yakishuka hata upana wa kidole, aliongeza. Jua likizidi, aliongeza asubuhi na jioni. Naliaka alipunguza maji ya kufua ili boti ipate, na Gentrix, binti yao mdogo, alikwenda shuleni na sare yenye doa la chai wiki nzima. Juu ya maji palionekana utando uliong'aa rangi za upinde wa mvua. Kizito aliutazama akaridhika. Aliona injini inajisafisha.

*

Mwanzo wa Machi kulikuwa na tatizo la mitambo mpakani, malori yakapanga foleni kutoka Malaba hadi yakapita Adungosi. Madereva walilala chini ya malori yao, wakaoga kando ya barabara, wakanunua chai na chapati za Naliaka. Mmoja wao aliitwa Dancun, mtu wa Nakuru, mpole, tumbo mbele. Alikuja kunywea chai kwenye kivuli cha boti, na kwa kuwa alikuwa akitazama juu kila mara, Kizito alijitolea kumwonyesha ndani. Alitangulia kwenye ngazi akafunua turubai, mwenye furaha kama baba anayemwonyesha mgeni mtoto mchanga.

Dancun aliinama mlangoni. Hakuingia.

"Boss, nani ameweka maji hapa?"

"Mimi."

"Ya nini?"

Kizito alimweleza habari za mbao na kiu. Dancun alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akagonga ukuta wa boti kwa kifundo cha kidole, mahali palepale Naliaka alipokuwa amegonga.

"Hii ni faiba, boss, si mbao. Kitu moja na tangi ya maji. Nimebeba hizi kutoka bandarini Mombasa, haikauki, haina kitu ya kukauka. Hiyo mbao ni ya urembo, na haitaki maji. Ikikaa nje unafungua hiyo tundu ya chini, hata mvua ikiingia inatoka." Alichungulia tena. "Na injini imelala hapo tangu lini?"

"Tangu Desemba."

Dancun alivua kofia. Laiti angecheka, au angesema neno la kebehi kama madereva wengine, Kizito angejua la kufanya na mikono yake. Lakini yule bwana alishuka ngazi polepole, akalipa chai yake, akakataa chenji. Hiyo chenji ilimuuma Kizito kuliko tusi. Malori yaliposogea, Dancun alipiga honi fupi, akaenda zake Kampala.

*

Kizito alifungua kizibo. Maji yalitoka kwa kishindo, meusi, yananuka kutu na mafuta, yakapita chini ya trela, yakafuata mteremko hadi kwenye sukuma ya Naliaka. Hakuna aliyekimbia kuyazuia. Kesho yake majani yalikuwa yamelala.

Walikausha. Naliaka aliingia na matambara, akatoka, akaingia. Sakafu ilikuwa imevimba na kuachana matabaka kama mkate uliolowa. Milango ya kabati haikufunga. Walimleta fundi wa malori kutoka Malaba, ambaye alitaka kulipwa kabla ya kugusa kitu, na mbuzi wa Naliaka akauzwa. Fundi alifungua injini, akaloweka vipande kwenye beseni la dizeli, akavirudisha, akajaribu kuizungusha kwa nondo hadi jasho likamtoka. Haikusogea. Alisema angekuwa yeye angetafuta injini nyingine, akataja bei, Kizito akatazama chini.

"Piga simu uwaambie," Naliaka alisema.

"Nitawaambia nini?"

"Vile iko. Mimi ndiye nilimimina wa kwanza. Sema hata hilo ukitaka."

Alipoona mumewe anageuza simu mkononi kama kitu cha moto, aliichukua, akatafuta jina, akapiga, akamrudishia. Emmaculate alishika mara moja. Nyuma yake kulisikika magurudumu ya kitanda na watu wakiitana.

"Baba Quinton, wanampeleka theatre saa hii. Tuombee tafadhali."

"Tunaomba, madam," Kizito alisema. Simu ikakatika.

Naliaka alichukua ndoo akaenda kung'oa sukuma iliyokufa.

Mzee alitoka salama kwenye operesheni, jambo ambalo Kizito alimshukuru Mungu kwalo kwa moyo wote. Lakini siku zilivyopita, ule ujumbe ambao Kizito hakuufikisha ulizidi kuwa mzito. Ukichelewa kusema jambo siku moja unakuwa na jambo. Ukichelewa wiki una mambo mawili. Kila asubuhi alipanga kupiga simu baada ya chai. Kila asubuhi chai iliisha, na alichofanya ni kupanda ngazi na kitambaa, akasugua boti kwa nje hadi ikawaka.

*

Emmaculate alikuja na mnunuzi Jumamosi moja, gari dogo likifuatwa na gari kubwa. Alikuwa amekonda. Alimpa Naliaka mfuko wa unga, sukari na mafuta ya kupikia, akawasalimia watoto kwa majina. Kizito alimfuata nyuma akisema madam, kuna neno, lakini simu ya Emmaculate ililia, ni hospitali, naye akainua kidole cha kuomba asubiriwe. Wakati huo mnunuzi alikuwa tayari ameizunguka boti akiipapasa na kuisifia. Alisema kwa nje hajaona inayotunzwa hivi. Majirani waliokuwa wameegemea michongoma walimtazama Kizito kwa fahari, na Ongodia akasema kwa sauti kwamba hata yeye aliibebea maji.

Mnunuzi alipanda ngazi, akaingia ndani, akakaa huko. Walimsikia akifungua, akigonga, akivuta. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha sakafu, na alipokibana kwa vidole kikamegeka.

"Dada, hii boti ilizama?"

"Haijawahi," Emmaculate alisema, akiondoa simu sikioni.

"Alama ya maji iko mpaka hapa." Alijiwekea mkono chini ya goti. "Injini imeshika, haizunguki. Kama haikuzama ziwani, basi imezama hapa Adungosi."

Kicheko kilitoka kwenye michongoma, kisha kikafa chenyewe. Mnunuzi hakuwa mtu mbaya, alisema pole, akaongeza kwamba ganda tupu halimfai. Akajifuta mikono, akapanda gari lake. Na Kizito alisimama katikati ya ploti, akasema yote, mbele ya kila mtu, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alisema mbao, alisema kiu, alisema mpira wa maji aliokuwa akimwona mzee akiuingiza.

"Huo ulikuwa wa kuosha chini," Emmaculate alisema taratibu. "Halafu anafungua yatoke."

Hakumkemea. Alipiga simu hospitalini, akaongea kwa Kisamia kando ya gari, kisha akarudi na simu ikiwa imewekwa sauti ya nje. Sauti ya mzee ilikuja ndogo, ikipumzika kati ya maneno.

"Kizito."

"Naam, mzee."

"Uliitia maji?"

"Ndio, mzee."

"Kwa nini?"

"Isife kiu."

Kulisikika mashine inayolia kwa vipimo, na mtu wa mbali akikohoa. Naliaka alikuwa ameshika mfuko wa unga kifuani, hajui auweke wapi.

"Hata baba yangu alikuwa anaweka," mzee alisema hatimaye. "Pale kwetu Bumbe. Mama ndiye anamimina ya kwanza. Ningekuambia, lakini sikufikiri." Akapumua. "Mpe Emma simu."

Kizito alitaka kutukanwa. Alitaka mtu ampige kofi, amwite mjinga, amfukuze palepale, ili na yeye apate mtu wa kumkasirikia njiani. Hakupewa hata hicho. Emmaculate aliongea kidogo na babake, akarudi macho mekundu, akasema mzee hana kinyongo naye, na kwamba hata yeye amejaribu kukasirika akashindwa.

"Lakini unakumbuka nilichosema Januari."

"Nakumbuka, madam."

"Bado anahitaji dawa, na hospitali hawamwachilii bila bili kulipwa. Sina namna, Baba Quinton."

"Najua huna."

Alipokuwa akiingia garini, Naliaka alimfuata na ule mfuko, ili amrudishie. Emmaculate aliusukuma nyuma kwa kiganja, wakasukumana kidogo namna hiyo, wanawake wawili waliochoka, mpaka mfuko ukabaki kwa Naliaka. Jioni walipika ugali wa unga ule, na ulikuwa ugali mzuri.

*

Ploti ilinunuliwa na mtu wa Malaba anayetaka kuegesha malori. Hakuwa na ubaya wowote, aliwapa muda wa kufungasha. Boti ilikuwa imo ndani ya bei, ingawa hakuitaka. Alisema labda mlinzi wake mpya atalala ndani yake, au ataikata wakati wa kumwaga kokoto. Kizito alimwomba kitu kimoja tu, kwamba aruhusiwe kuiosha mara ya mwisho. Yule bwana aliona ombi la ajabu, akakubali.

Siku ya kuondoka pikapu iliingia hadi mlangoni. Walipakia kitanda, sufuria, meza iliyokatika mguu. Quinton alipanda juu akashika vyombo. Gentrix aliuliza kama huko Rukala shule imetoka majini, mamake akamwambia atajua akifika. Redio ya dereva ilikuwa ikisema watu wa Budalang'i, yaani hata wa Rukala, wakae macho, Nzoia imejaa huko juu. Dereva akabadilisha stesheni.

Mvua ilianza wakiwa bado hawajafunga kamba. Turubai la boti lilikuwa limeshauzwa, nayo ilikuwa wazi. Kizito alisimama chini yake akatazama. Maji yalipiga juu, yakaingia kwa mlango, yakanguruma kidogo ndani, halafu kwenye tundu la chini, alilokuwa ameliacha wazi, ukatoka mchirizi mwembamba, safi, unaomwagika ardhini. Mvua ilipozidi, mchirizi uliongezeka. Ilipopungua, ulipungua. Hakuna aliyekuwa akiusaidia. Aliinama akatia kidole kwenye tundu, maji yakakaa, akatoa, yakatoka. Hiyo ndiyo kazi yote iliyokuwa imebaki Desemba, kazi ya kutofanya kitu.

Alisimama pale hata shati likamganda mgongoni. Pikapu ilikuwa inanguruma, dereva akitazama saa yake.

"Baba Quinton," Naliaka aliita kutoka juu ya mizigo, si kwa hasira. "Twende. Magodoro yanalowa."